Rivolva Ndogo ya Kujilinda: Mambo ya Kupima Kabla ya Kuomba Cheti

Mwenye duka la jumla anayefunga saa tatu usiku kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, wakala wa M-Pesa anayerudi nyumbani na mauzo ya siku, mjane anayeishi peke yake katika boma lililo mbali na jirani: hawa wote wana sababu ya kuwaza juu ya usalama wao. Wengine wamesikia kwamba kuna bastola ndogo ya silinda, nyepesi kuliko nusu kilo ya sukari, inayoingia mfukoni, na kwamba raia anaweza kuimiliki kihalali. Wanauliza: je, ni kweli? Na kama ni kweli, ichaguliwe vipi?

Ni kweli, lakini kwa masharti mengi. Makala haya yanaeleza masharti hayo, namna rivolva ndogo inavyofanya kazi, faida na kasoro zake, na mambo yanayompata mtu baada ya kuimiliki. Nia yetu ni kukupa mizani ya kupimia. Uamuzi ni wako na wa mamlaka husika.

NANI ANATOA RUHUSA?

Si Serikali ya Kaunti. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, huduma za polisi na usalama wa taifa ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Hakuna afisa wa kaunti, msimamizi wa wadi wala mwakilishi wa wadi anayeweza kukupa kibali cha silaha, kukiharakisha au kukiuza. Ukiambiwa utoe pesa ili "upitishiwe", huo ni ulaghai. Piga ripoti.

Mamlaka yenyewe ni Bodi ya Leseni za Silaha, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya. Sheria hiyo inasema wazi kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kununua, kupata au kuwa na silaha au risasi bila cheti halali cha kumiliki silaha. Kuwa na bunduki bila cheti ni kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka gerezani. Haijalishi kama uliirithi, uliiokota au uliwekewa na rafiki.

Katiba yetu haitoi haki ya kumiliki bunduki. Inalinda haki ya kuishi, kwenye Kifungu cha 26, lakini cheti cha silaha ni ruhusa inayoombwa, inayochunguzwa na inayoweza kuondolewa. Mwishoni mwa mwaka 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliwapa raia wote wenye silaha siku 90 wafike kuhakikiwa upya. Aliyekuwa na cheti cha zamani hakuweza kusema kwamba mambo yake yalikwisha kumalizika.

MWOMBAJI ANATAKIWA NINI?

Mwombaji hujieleza kwa Bodi kwa nini anahitaji silaha. "Nataka tu" haitoshi. Sababu iwe ya kweli na inayoweza kuthibitishwa: vitisho ulivyoripoti polisi, aina ya biashara, mahali unapoishi. Kama umewahi kutishwa au kuvamiwa na hukupiga ripoti, huna kitu cha kuonyesha. Kwa hiyo, hata kabla ya kuwaza juu ya bastola, jizoeze kuripoti kila tukio na kuhifadhi nambari ya OB unayopewa kituoni.

Utahitaji pia cheti cha mwenendo mwema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, ambacho huombwa kupitia eCitizen na kufuatiwa na kuchukuliwa alama za vidole. Utapimwa afya ya akili na daktari, na utahitaji ushahidi kwamba umefunzwa kutumia silaha kwa usalama. Maafisa wa usalama wa eneo unaloishi huulizwa juu ya mwenendo wako. Mtu anayejulikana kijijini kwa ulevi, kwa kumpiga mkewe au kwa ugomvi wa mipaka ya shamba asitarajie kwamba hayo hayatafika mezani.

Ukikataliwa, unaweza kudai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo kila mtu ambaye uamuzi wa kiutawala umegusa haki zake. Usikimbilie njia za mkato.

Cheti kikitolewa, hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa kuwa nacho. Ni cha mtu mmoja na silaha inayotambulika kwa nambari yake. Huwezi kuiazima, kumwachia mlinzi wako wa usiku, wala kumpa mwanao aliyekuja likizo. Mwenye cheti akifariki, familia isigawane bastola pamoja na ng'ombe na mashamba. Ipelekwe kwenye kituo cha polisi pamoja na cheti chake.

RIVOLVA NI NINI HASA?

Bastola za mkononi ziko za aina mbili kuu. Ya kwanza hubeba risasi kwenye kasha linaloingia ndani ya mpini. Kila ikifyatuliwa, sehemu ya juu hurudi nyuma, hutupa ganda na kuingiza risasi nyingine. Ya pili ni rivolva: risasi hukaa kwenye matundu ya silinda inayozunguka. Ukivuta kifyatulio, silinda huzunguka, nyundo hurudi nyuma kisha hupiga, na risasi hutoka.

Rivolva ndogo za kujilinda kwa kawaida zina matundu matano na mtutu mfupi wa karibu sentimita 5. Umbo hili lilipata umaarufu duniani mwaka 1950, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilipotoa bastola yake iliyoitwa Chiefs Special, iliyotumia risasi za .38 Special. Baadaye viunzi vya chuma vilianza kubadilishwa kwa aluminiamu, na miaka ya karibuni kwa metali nyingine nyepesi kuliko chuma, kama titaniamu. Mwaka 2009 kampuni ya Ruger ilitoa rivolva yake ya LCR ambayo sehemu ya kiunzi chake ni plastiki ngumu.

Kwa nini mtu achague rivolva? Sababu ya kwanza ni urahisi wa kuielewa. Hakuna kasha la kusahau na hakuna sehemu ya juu ya kuvuta kwa nguvu. Ukifungua silinda unaona mara moja kama ina risasi au haina. Risasi moja ikikataa kulipuka, ukivuta tena kifyatulio silinda huleta nyingine. Sababu ya pili ni kwamba haitegemei sana namna ulivyoishika. Bastola ya kasha inaweza kukwama ikishikwa kwa mkono uliolegea, lakini rivolva haina tatizo hilo.

Kasoro zake nazo ni za kweli. Risasi ni tano tu, na kujaza upya ni kazi ya polepole kwa asiye na mazoezi. Tena ikiharibika, kwa mfano silinda ikigoma kuzunguka, mara nyingi huwezi kuitengeneza papo hapo. Huhitaji fundi mwenye leseni.

UZITO: FAIDA NA HASARA YAKE

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Rivolva ndogo ya chuma kitupu ina uzito wa takriban gramu 550 hadi 600 bila risasi. Ya aluminiamu ina kama gramu 420. Zile nyepesi kabisa hushuka hadi karibu gramu 330. Risasi tano za .38 Special huongeza kama gramu 75. Ukizishika zote dukani bila risasi, ile nyepesi ndiyo itakayokuvutia.

Lakini risasi inapotoka mbele, bastola husukumwa nyuma. Nguvu hiyo haitoweki kwa sababu silaha ni nyepesi, bali huongezeka. Kwa risasi ileile, bastola ya gramu 300 hurudi nyuma kwa nishati maradufu ya bastola ya gramu 600. Hilo ndilo teke linalomfanya mtu afumbe macho, alegeze mkono na kukosa shabaha kwa risasi ya pili. Baada ya risasi kumi za mazoezi, kiganja huuma, na mtu aliyeumizwa na bastola yake huacha kufanya mazoezi. Kwa hiyo bastola iliyo rahisi kubeba huenda ikawa ndiyo ngumu zaidi kutumia.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi. Katika bastola nyepesi sana, teke linaweza kuvuta kichwa cha risasi ambazo bado hazijafyatuliwa kikasogea mbele kutoka kwenye ganda lake. Kikisogea vya kutosha hugusa kiunzi, na silinda hushindwa kuzunguka. Ndiyo maana mtengenezaji huandika kwenye kijitabu ni risasi za aina gani zisitumike. Kisome.

Pia zipo rivolva ndogo zinazokubali risasi za .357 Magnum, zenye nguvu kubwa kuliko .38 Special. Rivolva yenye mtundu wa .357 hukubali pia .38 Special, lakini ya .38 Special haitumii .357. Kwa mtu asiye na mazoezi ya miaka, kufyatua .357 kwenye bastola ya gramu 330 ni mateso, na shabaha yake itakuwa mbovu.

Mzani wetu ni huu: kama bastola itakaa zaidi ndani ya nyumba au dukani, uzito wa ziada ni rafiki yako. Kama utaibeba mwilini kutwa nzima, aluminiamu ni njia ya katikati. Zile nyepesi kabisa ziachiwe watu waliokwisha kuzoea.

MENGINE YA KUPIMA KWA MKONO

Kifyatulio. Rivolva ndogo nyingi zinahitaji kuvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 5, kwa mvuto mrefu. Uzito huo huzuia kufyatuka kwa bahati mbaya, lakini mtu mwenye vidole dhaifu, ugonjwa wa baridi yabisi au umri mkubwa anaweza kushindwa kuuvuta bila bastola kuyumba. Omba uijaribu ikiwa tupu, mbele ya mwenye duka aliyesajiliwa, mara kumi mfululizo. Kidole kikichoka mara ya sita, tafuta nyingine.

Mpini. Mpini mdogo hufichika vizuri, lakini kidole cha mwisho hubaki kikining'inia na teke huingia lote kwenye kiganja. Mpini wa mpira unaojaza mkono hupunguza maumivu.

Nyundo. Nyundo iliyo nje inaweza kunasa kwenye shati unapoitoa bastola. Zile zenye nyundo iliyofunikwa hazinasi. Kwa kujilinda karibu, iliyofunikwa inatosha.

Vilengeo. Kwenye bastola hizi huwa vidogo, na gizani havionekani vizuri. Kile cha mbele kiwe na rangi unayoiona bila kutafuta.

Kifunga usalama. Rivolva nyingi hazina kitufe cha usalama cha nje. Za kisasa zina kizuizi cha ndani kinachozuia zisifyatuke zikianguka, lakini hakuna kinachomzuia mtu anayevuta kifyatulio, awe mkubwa au mtoto. Ulinzi pekee ni ala inayofunika kifyatulio wakati wa kubeba, na kasha la chuma lenye kufuli wakati wa kuhifadhi. Usiitupe mfukoni pamoja na funguo na sarafu.

Gharama kamili. Bei ya bastola ni mwanzo tu. Hesabu ala, kasha la chuma, risasi za mazoezi, mafunzo, na safari za kushughulikia cheti. Kama pesa zitaishia kwenye bastola na hakuna za mazoezi, hujajinunulia ulinzi.

RISASI HAIJUI UKUTA

Nyumba nyingi za Maseno, Holo, Lela na Kisian ni za mabati, udongo au tofali moja. Risasi ya bastola hupita kwenye mabati na kwenye mlango wa mbao na kuendelea. Kwenye ploti za kupangisha, upande wa pili wa ukuta kuna kitanda cha jirani. Kabla ya kuwaza juu ya mvamizi, tembea nyumbani kwako mchana na uulize: nikifyatua kutoka hapa kuelekea mlangoni, nyuma ya mlango kuna nini?

Vivyo hivyo kwenye matanga na harusi. Risasi inayopigwa hewani kwa heshima ya marehemu lazima irudi chini, na inakoanguka hakuna anayejua. Kufanya hivyo ni hatari kwa waombolezaji na ni njia ya haraka ya kupoteza cheti.

SHERIA INASEMA NINI JUU YA KUJILINDA?

Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba matumizi ya nguvu katika kujilinda au kulinda mali yatapimwa kwa kanuni za sheria ya kimapokeo ya Uingereza. Kwa lugha nyepesi, mahakama huuliza maswali mawili: je, ulikuwa na haja ya kutumia nguvu? Na je, nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili?

Mtu aliyevunja mlango usiku akikujia na panga ni hatari kwa maisha. Mwizi anayekimbia na mbuzi wako amekupa mgongo, na maisha yako hayako hatarini. Ukimpiga risasi, unaweza kujikuta kizimbani kwa mauaji. Jirani mnayegombania naye mpaka si jambazi. Kumwonyesha bastola ili anyamaze ni kosa, hata kama haikufyatuka.

Ukilazimika kufyatua, piga simu 999 au 112 mara moja, uite msaada wa matibabu kwa aliyejeruhiwa hata kama ni mvamizi, usiguse chochote, na uwasubiri polisi. Silaha itachukuliwa kwa uchunguzi. Una haki ya kuwa na wakili.

KUBEBA NA KUSAFIRI

Bastola ya kujilinda hubebwa ikiwa imefichwa. Kuiweka mezani baa, au kuiachia ionekane kiunoni sokoni, huwaalika wezi wa silaha na kuwatisha watu wasio na hatia. Kulewa ukiwa na silaha ni kosa kisheria. Kama unakwenda kunywa, bastola ibaki kwenye kasha lake.

Benki, mahakama na afisi za umma zina taratibu zake mlangoni. Uliza kabla, usibishane na walinzi. Ukisafiri kwa ndege kutoka Kisumu, toa taarifa kwa shirika la ndege na polisi wa uwanja kabla ya ukaguzi. Na wanaofanya biashara Busia wakumbuke: cheti cha Kenya hakina nguvu Uganda. Ukivuka mpaka na bastola uliyoisahau kwenye mkoba, upande wa pili wewe ni mtu mwenye silaha haramu.

Ikipotea au kuibwa, ripoti kituo kilicho karibu bila kuchelewa, hata kama ni usiku. Kila saa unayonyamaza ni saa ambayo silaha yenye nambari iliyoandikishwa kwa jina lako iko mikononi mwa mtu mwingine.

HATARI ILIYO NDANI YA NYUMBA

Watu hununua bastola wakimwaza mgeni wa usiku. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia zaidi ya wakaazi milioni 26 wa jimbo la California, Marekani, ulionyesha hatari ya upande mwingine. Wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa mara nane zaidi wa kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanaume wasio nazo. Kwa wanawake, uwezekano ulikuwa mara 35. Kenya si California, lakini huzuni, madeni na ugomvi wa ndoa vinapatikana kila mahali, na bastola haimpi mtu nafasi ya kubadili mawazo.

Kwa hiyo jiulize kwa uaminifu. Je, nyumbani kuna mtu anayepitia msongo wa mawazo? Kuna kijana mwenye hasira? Kuna watoto? Mtoto hujua maficho yote ya nyumba, pamoja na juu ya kabati na chini ya godoro. Kama jibu ni ndiyo na huna kasha la chuma lenye kufuli, jibu la swali la bastola ni hapana, angalau kwa sasa.

KABLA YA BASTOLA, HAYA

Hatua nyingi za kujilinda hazihitaji cheti. Punguza kubeba pesa taslimu, na peleka mauzo benki au kwenye simu kabla ya giza. Badilisha saa na njia ya kurudi nyumbani. Weka taa ya sola mlangoni, komeo la ndani na mbwa anayebweka. Jiunge na Nyumba Kumi na uwe na nambari za majirani watano watakaoamka ukipiga simu. Ripoti kwa chifu au kituo cha polisi watu wasiojulikana wanaozungukazunguka. Taa ya barabarani ikizimika, hilo ni jukumu la kaunti. Mweleze msimamizi wa wadi, na ufuatilie.

Kama anayekutisha ni mtu wa nyumbani, piga 1195, laini ya bure ya msaada kwa waathiriwa wa dhuluma za kijinsia. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116.

MASWALI SABA YA KUJIJIBU

1. Hatari inayonikabili nimeiripoti, na nina nambari ya OB?
2. Nimejaribu hatua zisizohitaji silaha?
3. Nina mahali salama pa kuifungia?
4. Waliomo nyumbani wanajua na wamekubali?
5. Nitaweza kulipia na kufanya mazoezi mara kwa mara?
6. Mkono wangu unaweza kuvuta kifyatulio na kustahimili teke la bastola niliyoichagua?
7. Niko tayari kujibu mahakamani kwa kila risasi itakayotoka?

Aliyejibu ndiyo kwa yote saba anaweza kuanza safari ya maombi kwa Bodi. Aliye na hapana hata moja, aanzie hapo. Na yeyote anayejua kulikofichwa bunduki isiyo na cheti, au aliyeokota silaha au risasi shambani, asiiguse. Amjulishe chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, na awaweke watoto mbali mpaka maafisa wafike.